Sola ya Mama Sweta Juu ya Paa la Muturi

Jua lilitoka chumbani mwa Asenath Nabiswa mwaka ule Muturi alipojenga ghorofa. Kabla ya hapo lilikuwa likiingia kila asubuhi, likatua mezani, likapanda juu ya mashine yake ya kufumia sweta, na mpaka adhuhuri aliweza kutenganisha uzi wa buluu nzito na uzi mweusi bila kukodoa macho. Sasa dirisha likifunguliwa lilikuwa linagonga ukuta. Kati ya chumba chake na ghorofa palibaki kichochoro cha kupita mtu mmoja na ndoo yake, na ndani ya kichochoro hicho ilikuwa jioni kutwa nzima.

Alikuwa amehamia Kariobangi akiwa bado kijana, mumewe akifanya kazi kiwandani. Ploti wakati huo ilikuwa safu mbili za vyumba vilivyotazamana, na katikati ua wa udongo uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Mwenye ploti alikuwa babake Muturi. Mwisho wa mwezi mzee yule alikuja akaketi kwenye stuli, akanywa chai kwa huyu, akaonja viazi kwa yule, akauliza watoto wanaendeleaje shuleni, na kodi akaitaja mwisho kabisa, tena kwa aibu, kama mtu anayeomba maji. Giza likiingia, karabai moja ilitundikwa kwenye nguzo ya ua na kila mtu akatoka na kazi yake: wa kuchambua mboga, wa kushona kifungo, wa kumsomea mwenziwe barua kutoka nyumbani. Mafuta walichanga. Asenath alijifunza kufuma hapo, chini ya taa iliyokuwa ya wote.

Waambie watu wa siku hizi hayo, watakutazama kana kwamba umeota. Kila mmoja ana balbu yake, televisheni yake na kufuli yake. Mtoto wa jirani akilia, hawaulizi analilia nini. Wanaongeza sauti ya televisheni.

Mzee alikufa. Lakini kabla hajafa, mbele ya wapangaji waliokwenda kumtazama hospitalini, alimwambia mwanawe, "Huyu Mama Sweta asifukuzwe na mtu. Alimzika mume wake akitokea kwangu." Muturi alitikisa kichwa kukubali, na mashahidi walikuwepo. Kwa hiyo alipobomoa safu ya mbele na kujenga ghorofa tatu kwa mkopo wa benki, hakuthubutu kumwambia Asenath atoke. Wengine wa safu ya nyuma aliwapandishia kodi, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na vyumba vyao akavijaza saruji na mbao. Asenath akabaki peke yake, amezungukwa na magunia.

Kwa Asenath, Muturi alitumia swichi.

Ni desturi ya ploti nyingi za Eastlands kwamba stima hulipwa ndani ya kodi, na kwa hiyo mwenye ploti ndiye mwenye ufunguo. Sanduku la chuma hutiwa kufuli, na stima huwashwa jioni ikazimwa watu wakienda kulala, mtu asije akachomeka pasi au koili ya kupikia. Wapangaji wa ghorofa walikuwa na mita zao. Safu ya nyuma ilibaki chini ya sanduku. Zamani taa ziliwaka tangu magharibi hadi watu walipochoka kuongea. Muturi alianza kupunguza. Akawa anawasha wakati Asenath anasonga ugali, na kabla hajanawa mikono baada ya kula, giza.

"Mama Sweta," alimwambia siku moja akiwa amesimama mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni, "si uende nyumbani upumzike? Una shamba Bungoma."

"Ninalo. Na wewe unalo Murang'a. Mbona huendi kulima?"

"Sina ubaya, mama. Nasema tu Kariobangi imebadilika."

"Haikubadilika yenyewe. Iko na watu walioibadilisha, na mmoja wao amenizibia mlango."

Muturi akacheka kidogo, akasogea pembeni.

Chakula cha Asenath kilitoka katika sweta za shule. Shule moja ndogo ilikuwa ikimpa kazi kila mwaka: sweta za rangi ya damu ya mzee zenye mistari ya buluu shingoni. Mashine ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, haikuhitaji stima. Macho ndiyo yaliyohitaji. Akarudi kwenye koroboi na kandili, na moshi ukaingia katika uzi. Muhula wa tatu mwalimu mkuu alimwita ofisini, akainua sweta moja, akainusa, akaisogeza mbali.

"Mama, sina la kusema juu ya mkono wako. Lakini watoto wananuka kama stovu. Wazazi wamekuja hapa."

"Nitazifua, mwalimu."

"Umezifua hizi. Za kufungulia shule Januari nitakupa, kwa sababu tumetoka mbali. Zikinuka, nitaenda kununua mjini."

Asenath alielewa hapo hapo hesabu yote ya Muturi. Hakuhitaji kumfukuza. Kazi ikikatika, kodi itakatika, na mtu asiyelipa kodi hafukuzwi, anajiondoa mwenyewe. Ahadi ya hospitalini ingebaki safi.

Wiki ile ile aliuza televisheni.

Triza Makokha, aliyekaa ghorofa ya kwanza na ambaye kwao na kwa akina Asenath ni mwendo wa asubuhi moja, alimwona mnunuzi akiitoa. "Mulembe, dada! Umeshindwa na maisha namna hiyo? Sasa jioni utatazama nini?"

"Nitatazama mikono yangu," alisema Asenath.

Alikwenda Eastleigh, katika yale majengo ambayo zamani yalikuwa nyumba za wageni na sasa kila chumba ni duka. Katika chumba kimoja palikuwa na mama wa Kisomali aitwaye Nurto, ambaye wateja walimwita Mama Ladan kwa jina la bintiye. Sola zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwake kama vioo visivyoonyesha sura ya mtu. Juu ya duka mumewe alikuwa na chumba cha redio ya kuita, watu wakipanga foleni kuongea na ndugu zao walioko Garissa na ng'ambo ya mpaka, na redio ile iliendeshwa kwa sola. Mambo haya Nurto aliyajua kwa kuishi nayo.

"Karibu, mama. Unataka ya televisheni?"

"Nimeuza televisheni nije kununua hii."

Nurto alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Wallahi, wewe ni wa kwanza! Wote wanakuja kwa sababu ya televisheni. Haya, keti. Mimi siulizi una pesa ngapi, kila mtu hudanganya. Nauliza: unataka kuwasha nini, na kwa muda gani?"

"Taa moja. Lakini iwake kazi ikiwa bado iko. Mchana na jioni."

"Taa moja. Sawa. Mtu akitaka pasi au friji, namwambia arudi kwa serikali, sola ya hivyo ni ya balozi." Alivuta kioo kimoja cha rangi ya hudhurungi, kizito. "Hii ndiyo wanayonunua wengi. Elfu nne. Inafanya kazi, sikwambii haifanyi. Lakini ukiifunga leo ina nguvu ya punda, baada ya miezi michache ina nguvu ya mbuzi. Halafu ni kioo kitupu, jiwe moja la mtoto, kwisha."

"Na hii?" Asenath aliigusa nyingine, ya buluu yenye vipande vinavyometameta kama chumvi ya mawe.

"Hiyo ni elfu tisa. Wati ishirini. Nguvu unayoiona leo ndiyo ataikuta mjukuu wako."

"Elfu tisa! Mama Ladan, jua lenyewe ni la bure."

"Jua ni la bure, mama. Chombo cha kulitekea ndicho cha pesa. Hata maji ya mvua ni ya bure, na mtungi haununuliwi?"

"Na ile nyeusi pale?"

"Ile ya vipande vyeusi vilivyokatwa pembe ni kali kupita zote, ni ndogo, na bei yake usiniulize, utaniudhi. Inamfaa mwenye paa dogo. Wewe una paa?"

Asenath alijibu, "Paa lipo."

Kisha wakaja kwenye betri. Asenath alikuwa ameshaona za magari, zile zinazofufuliwa na mafundi wa jua kali wa kando ya barabara karibu na kwake, na alitaka kujiponea hapo. Nurto akakataa kwa mkono. Betri ya gari, alisema, imezoea kutoa nguvu nyingi mara moja, kuamsha injini, kisha kujazwa papo hapo. Taa hainyonyi hivyo. Inanyonya polepole mpaka chini kabisa, na betri ya gari ikinyonywa mpaka chini mara nyingi hufa. "Utanunua tatu za rahisi, na katika muda huo huo hii moja ya sola ingekuwa bado hai." Akaongeza kisanduku kidogo chenye taa ya kijani na nyekundu, kontrola, cha kuzuia betri isijazwe ikachemka wala isikaushwe. Akaongeza taa ndefu nyeupe ya wati nane. Inveta, ile mashine ya kugeuza nguvu ya betri iwe kama ya stima ya kawaida, aliirudisha rafuni mwenyewe. "Hii huihitaji. Taa yako inakula moja kwa moja kwenye betri. Ungekuwa na televisheni ya rangi ningekuuzia nikafurahi." Mwisho aliuliza paa liko mbali gani na chumba, na aliposikia ni ghorofa tatu akakunja uso. "Basi waya uwe mnene. Waya mwembamba kwa urefu huo utakula nguvu yako njiani."

Walivutana juu ya bei mpaka chai ikaletwa, na baada ya chai wakavutana tena. Pesa za televisheni zilifika kwenye kioo cha buluu zikaishia hapo. Betri, kontrola, taa na waya Asenath alizilipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka ya kwenda nyumbani Krismasi. Hilo lilimuuma kuliko bei. Mtu wa kwao asiyekwenda nyumbani Desemba huulizwa amefanya nini, na asipokuwa na jibu, hutengenezewa. Lakini alijua pia kwamba akienda, atakuta magunia ya saruji yamehamia kitandani mwake.

Fundi alikuwa Okoth, kijana wa pale mtaani aliyefunga antena za televisheni kutoka Kariobangi mpaka Dandora, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Kwa Asenath mwenyewe ndiye aliyefunga ile ya zamani.

"Niaje, mathe," alimsalimu kama mama yake. "Hii kitu nimeiona. Ni kazi ndogo."

"Umewahi kuifunga?"

"Mathe, si ni kitu ya kuweka juu na waya inateremka chini? Hiyo ndiyo kazi yangu."

Walipanda. Paa la ghorofa lilikuwa bapa, la saruji, na wapangaji wote walilitumia: huku kamba za nguo, kule tangi la maji, na ukingoni msitu wa antena, kila moja juu ya mlingoti wake, zote zikitazama upande mmoja kama waumini: Limuru, kwenye mtambo wa televisheni. Okoth alichagua pembe isiyofikiwa na kivuli cha mashuka, hilo alilifanya vizuri. Akasimika mlingoti. Akakifunga kile kioo cha buluu kikiwa wima, akakigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaridhika. Kilikuwa kinatazama Limuru barabara.

Muturi alipoiona kutoka chini aliuliza, "Ile ni antena ya aina gani?"

"Ni yangu," Asenath alijibu, na huo haukuwa uongo.

"Televisheni si umeuza?" Triza alipaza sauti kutoka kwenye ngazi. "Watu wangu, njooni muone! Mtu ameuza TV, halafu anaweka antena!" Wakacheka, Muturi naye akacheka, na kwa kicheko hicho sola ikapita.

Jioni ile taa ya wati nane iliwaka chumbani mwa Asenath nyeupe kama maziwa. Sanduku la Muturi lilizimwa, na taa haikujua. Alifuma. Alitenganisha buluu na nyeusi kwa mtazamo mmoja. Uzi ulinukia uzi. Siku kadhaa akaenda hivyo, sweta zikipanda juu ya kitanda, na akaanza hata kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti yake mbaya. Kisha kontrola ikageuka nyekundu. Taa ikafifia, ikawa ya manjano, ikazimika. Kesho yake ikawaka kwa muda wa kuchemsha chai, basi. Keshokutwa haikuwaka kabisa, na nje jua la Desemba lilikuwa linapasua mawe.

Asenath hakulala vizuri. Alijiona mjinga mbele ya watu wote waliowahi kumcheka. Asubuhi alikwenda Eastleigh akiwa na kandili mkononi, akaiweka juu ya meza ya Nurto.

"Chukua hii. Inawaka kuliko ulichoniuzia."

"Mama, punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie! Nimeuza televisheni, nimekosa kwenda kwetu, umeniuzia kioo cha kujitazamia."

Nurto alimwachia Ladan duka, akafunga ushungi vizuri, akasema, "Twende nikaone. Kikiwa kibovu nakurudishia pesa yako hapa hapa mbele ya hawa wateja. Kikiwa kizima utanunua soda."

Walifika saa ya jua kali. Nurto alipanda ghorofa tatu akihema, akatokeza juu ya paa, akaona. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tumbo kwa kicheko.

"Ni nani amefanya hivi?"

Okoth aliitwa. Alikuwa mtaa wa pili juu ya paa lingine.

"Kijana, hii umeielekeza wapi?"

"Limuru, mama. Signo iko safi kabisa upande ule."

"Signo! Jua linasoma habari ya saa tatu?"

"Sasa mathe," Okoth alimgeukia Asenath, amejaa uchungu wa fundi, "mi nimefunga mia ngapi, na zote zinaangalia Limuru. Hakuna mtu aliniambia hii inaangalia kwingine."

"Basi leo umeambiwa. Hapa kwetu jua linapita kichwani. Sola hulala, haisimami kama askari. Unaiinua kidogo tu upande mmoja, maji ya mvua na vumbi viteleze. Na mwezi huu jua limeegemea upande wa Embakasi, kule, siyo Limuru. Umeipa mgongo kutwa nzima. Wakati wa kuuza, betri ilikuwa imejaa dukani kwangu. Hiyo ndiyo aliyokuwa akitumia. Ilipokwisha, nini kingeijaza?"

Okoth alikuna kichwa. Akakishusha kile kioo kutoka mlingotini, akakilaza juu ya matofali, akainua ukingo mmoja kwa kipande cha mbao, Nurto akielekeza kwa kidole cha mguu. Kontrola ikaanza kupepesa kijani kabla hawajamaliza kukaza waya. Asenath alinunua soda tatu. Hakuomba msamaha kwa kauli, lakini alimfungulia Nurto chupa kwa mkono wake mwenyewe na kumfutia mdomo wa chupa kwa kitambaa cha sweta, na Nurto akaelewa.

Taa ikarudi. Ila sasa kitu kile hakikufanana tena na antena. Kilikuwa kimelala chali juu ya paa kama mtu aliyenunua kiwanja.

Muturi alikiona Jumapili mchana alipopanda kukagua tangi. Alifuata waya kwa macho, ukashuka ukuta wa ghorofa yake, ukavuka kichochoro, ukaingia chini ya mabati ya Asenath, na hapo ndipo alipofahamu kwa nini yule mama hakuwa ameomba stima hata siku moja mwezi ule. Alishuka, akarudi na koleo ya kukatia waya.

Asenath alimkuta amechuchumaa karibu na sola. Alikuwa amepanda na kazi yake mkononi, mkono wa sweta uliokuwa bado na sindano.

"Weka chini hiyo koleo, Muturi."

"Mama, hapa tuheshimiane. Umekodi chumba. Paa sikukukodisha."

"Ni kweli."

"Ukisema ni kweli, basi itoke."

"Itatoka. Lakini baba yako alinifundisha ploti ni moja. Sheria ya mmoja ni ya wote." Alinyoosha sindano kuelekea ukingoni. "Zile zimekodi paa? Uliandikiana na nani? Anza na zile, ukifika hapa utanikuta."

Watu watano sita walikuwa wamekusanyika mlangoni mwa ngazi, Triza akiwa mbele. Walitazama kama wanavyotazama watu wa leo, mikono imekunjwa. Hakuna aliyesema, "Muachie mama wa watu taa yake." Walimjua. Walikuwa wamevaa sweta zake, na watoto wao pia. Mmoja hata alikuwa anatafuna mahindi.

Muturi aliona macho yale, na kiburi kikamshika. Angeweza kukata waya mmoja akashuka. Lakini alitaka kuonekana mtu wa haki.

"Sawa! Paa ni langu. Chochote kilicho juu ya paa langu kinatoka. Chochote! Mtu asije akasema nimemwonea mjane."

Akaenda ukingoni, akashika waya wa kwanza uliomjia mkononi, akaukata.

Ilikuwa Jumapili, saa ya mpira. Chini yao, ghorofa ya kwanza, sauti ya mtangazaji ilikatika ikageuka kuwa mvumo wa mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe milango yake yote ilifunguka kwa pamoja.

"Ni yangu!" Triza alipiga yowe. "Muturi, umekata yangu!"

"Nimesema vyote..."

"Umesema nini? Mume wangu yuko hapo chini na wageni! Wewe unajua tulinunua hiyo antena kwa nini? Okoth alipanda hapa mara tatu!"

Wanaume walikuwa wanapanda ngazi wakiwa na soksi. Mahindi yalitupwa. Yule aliyekuwa akiyatafuna alimshika Muturi mkono wenye koleo, akamwambia kwa upole wa kutisha, "Bwana mkubwa, ukigusa ya pili, kesho naondoka. Na huyu anaondoka. Na yule. Ghorofa yako ukalale humo na benki yako."

"Mimi nilikuwa nazungumza na huyu mama..."

"Ulisema chochote!" wakamjibu kama kwaya.

Asenath alisimama pale na sindano yake, akawatazama. Alikuwa amefumia mtaa huo mzima, na hawakumtetea. Waliitetea picha. Alilijua hilo vizuri, na lilimchoma, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba ilikuwa vinginevyo. Lakini pia hakuona sababu ya kuacha kulitumia.

"Basi, Muturi," alisema juu ya kelele, "waambie. Chochote kinatoka, au chochote kinabaki?"

Muturi alitazama wapangaji wake, akatazama zile antena zote, akatazama kile kioo cha buluu kilichokuwa kinaendelea kunywa jua bila kujali nani anapigania nini.

"Zibaki," alisema. "Zote."

"Sikusikia," alisema Asenath.

"Nimesema zote zibaki!"

Watu walishuka wakimfuata Okoth, aliyekuwa ameitwa mbio kuunga waya wa Triza. Hakuna aliyemsemesha Asenath ila Triza, ambaye alipompita alisema tu, "Na wewe ndiye umeleta haya," kisha akaenda zake.

Kesho yake Muturi alifanya lile lililokuwa bado katika uwezo wake. Alifungua sanduku la chuma na kukata kabisa laini ya safu ya nyuma. Hakuwasha jioni ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata tena. Asenath aliendelea kufuma. Sweta zilikuwa zimefika kimo cha dirisha, akaziweka kwenye gunia safi, akazipeleka shuleni. Mwalimu mkuu aliinua moja, akaiweka puani, akavuta pumzi kwa muda mrefu. Akaikunja, akaiweka upande wa zilizokubaliwa, akamwambia sasa aanze za muhula wa pili.

Mwisho wa mwezi Muturi alikuja kuchukua kodi. Alimkuta Asenath amepanda juu ya kiti, anafungua skrubu za mwisho za kishikio cha balbu ya zamani. Ule waya mweusi wa stima alikuwa ameshautoa ukutani wote, msumari kwa msumari, na kuuviringa vizuri kama uzi. Aliteremka. Akamwekea Muturi mikononi waya, balbu, kishikio na swichi ya ukutani, kimoja juu ya kingine.

"Hivi ni nini, mama?"

"Mali yako. Kodi yangu tangu enzi za baba yako ilikuwa ya vitu viwili, chumba na taa. Taa umechukua. Hii hapa ni ya chumba." Akampa noti juu ya ule mzigo, pungufu ya kawaida, na kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa, Muturi ilibidi azibane kwa kidevu.

"Hatukukubaliana hivi."

"Mwezi ujao pia itakuwa hivyo," alisema Asenath. "Sogea kidogo, unanizibia mlango."

Akaketi mbele ya mashine, akaisukuma.